Mwongozo Niliouandika Mwenyewe

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha kwamba sentensi za masharti za Kiingereza ni za aina tatu, na kwamba anayechanganya aina moja na nyingine hajui anachosema. Nilifundisha hivyo kwenye shule ya kata iliyo juu kidogo ya barabara, upande wa Mchinga, katika darasa lenye madirisha yasiyo na vioo. Upepo wa baharini ukianza mchana, karatasi zinaruka na nusu ya kipindi inaishia kwenye kuziokota. Sikuwa mwalimu wa viboko, lakini kwa jambo hili wanafunzi walinijua. Walikuwa wakiniona natokea na jedwali langu la karatasi ya manila wanaguna kabla sijalitundika.

Ukali huo nao nilifundishwa. Mimi ni mtoto wa Rutamba, nyumba ya wakulima, ambako jikoni tuliongea Kimwera na barazani Kiswahili. Kiingereza nilikutana nacho sekondari na hatukupatana. Kila kanuni ilikuja na "isipokuwa" yake. Nikishika wingi, kuna maneno hayafuati. Nikishika wakati uliopita, kuna vitenzi vina mambo yao. Nilikuwa nakaa mbele na kuandika kila kitu, na bado naambulia thelathini na kitu kwa mia.

Halafu siku moja mwalimu wetu akachora ubaoni jedwali la safu tatu. "If" na wakati uliopo, upande wa pili "will". "If" na wakati uliopita, upande wa pili "would". "If" na "had", upande wa pili "would have". Tukaliimba darasa zima mpaka kengele. Kwa mara ya kwanza niliona kitu ndani ya lugha ile kinachokaa kinapowekwa. Tena nilikiona ni cha nyumbani: ukija nitakupa, ungekuja ningekupa, ungalikuja ningalikupa. Mtihani uliofuata nilipata swali lile lote, na nadhani hapo ndipo nilipoamua kuwa mwalimu wa Kiingereza. Mtu hawezi kuliacha kirahisi jedwali lililomfikisha hapo.

Mkato nao nilikuwa na vita nao. Kanuni yake ni nyepesi: "if" ikianza sentensi, unaweka mkato pale sharti linapoisha; "if" ikikaa katikati, kwa kawaida huweki. Kila mwaka nilieleza hivyo, na kila mwaka nilisahihisha madaftari ya watu walioamua kunifurahisha kwa kuweka mikato kila mahali. Mmoja aliweka mkato katikati ya "would" na "have". Wengine walijaza kurasa mbili bila mkato hata mmoja.

"Kwani mwalimu, mtu akisoma bila mkato haelewi?" aliniuliza mvulana mmoja, na wala hakuwa na utani.

"Anaelewa."

"Sasa?"

"Sasa anayesahihisha anakata."

Lilikuwa jibu la hovyo. Nililijua ni la hovyo, na nililitoa mwaka baada ya mwaka kwa sababu sikuwa na jingine linaloenea ndani ya dakika arobaini.

Mwaka ninaousimulia, shule sita za jirani zilikubaliana kufanya mtihani wa pamoja wa kidato cha nne. Mimi nikapewa kutunga sehemu ya sarufi ya Kiingereza pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikaa Jumamosi nzima nikiandika. Swali la saba nililipenda kuliko yote. Niliwapa mwanzo wa sentensi, "If it had not rained that day", yaani kama mvua isingenyesha siku ile, wao waimalizie kwa maneno yao na waweke mkato panapostahili. Kwenye mwongozo nikaandika, nikapiga na mstari chini yake: jibu lazima liwe na "would have". Likikosa hilo, sentensi yote ni sifuri, hata kama mkato umekaa sawa.

Tulisahihisha Lindi mjini kwa siku tatu, katika darasa tuliloazimwa. Kila shule ilisahihisha karatasi za shule nyingine. Siku ya pili, mwalimu kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini aliinua karatasi.

"Kaka, huyu kaandika 'would be', mwishoni kaweka 'now'. Tunampa?"

"Mwongozo unasemaje?"

"Mwongozo unasema 'would have'. Lakini hii nayo naona inaeleweka. Hata chuoni nakumbuka kama—"

"Kachanganya aina ya tatu na ya pili," nilimkatisha. "Hatumpi."

Nikaona bado anasita, nikamgeukia mama mmoja wa Kilwa Kivinje aliyekuwa anasahihisha insha za Kiswahili meza ya pili. Amefundisha tangu sisi wengine tukiwa shule ya msingi, na neno lake lilikuwa na uzito.

"Mama, mtoto akikuandikia 'ungekuja ningalikupa', unampa?"

"Nimpe nini, mwanangu?" alisema bila kuinua macho. "Nakata. -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-."

"Umesikia?" nikamwambia kijana. Watu wakacheka. Yeye akapiga mstari mwekundu, akachukua karatasi nyingine.

Wiki iliyofuata karatasi zilirudi shuleni. Nilikuwa ofisini peke yangu, wenzangu wako madarasani, akaingia binti mmoja wa kidato cha nne. Hakuwa mzungumzaji. Alikuwa wa wale wanaouliza swali moja kwa muhula, tena mwisho wa kipindi wenzake wakishatoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Swali la saba, mwalimu. Naomba kujua nimekosea wapi."

Nikasoma: "If it had not rained that day, my mother would be a nurse now." Kama mvua isingenyesha siku ile, mama yangu angekuwa nesi sasa hivi. Mstari mwekundu ulikuwa umepita juu yake kutoka mwanzo hadi nukta.

"Mkato umeuweka vizuri," nikamwambia. "Ila umechanganya. Umeanza na aina ya tatu, ukamalizia na aina ya pili. Ulitakiwa kuandika 'would have been a nurse'."

Akaitazama karatasi. "Lakini mwalimu, nikiandika hivyo si itakuwa habari ya zamani? Kama vile angekuwa nesi wakati ule, basi."

"Ndiyo kanuni ilivyo."

"Mvua ndiyo ilinyesha zamani. Unesi ungekuwa sasa."

Nikamsukumia karatasi kwa hasira. "Kanuni haimjui mama yako," nilisema. "Kariri jedwali."

Akasema, "Asante, mwalimu," akakunja karatasi mara mbili, akatoka.

Mchana ule mwalimu wa taaluma alibandika orodha ya wanaokwenda kambi ya masomo. Shule sita zilikuwa zimekubaliana kukusanya wanafunzi wenye wastani wa sitini na tano kwenda juu, wakae pamoja wiki tatu na walimu bora wa kila somo. Jina la yule binti halikuwemo. Nilifungua daftari la matokeo nikaangalia wastani wake. Kilichopungua kilikuwa kidogo mno; alama mbili za swali la saba zilitosha kumvusha. Nilijiambia kwamba kila mwaka kuna anayepungukiwa kidogo, na kwamba ndiyo maana ya mtihani. Nikafunga daftari.

Nje ya geti la shule kulikuwa na mama anayeuza vitumbua asubuhi. Nilikuwa mteja wake kwa zaidi ya miaka miwili. Nilijua vitumbua vyake vina iliki kuliko vya wengine, na zaidi ya hapo sikujua lolote juu yake. Asubuhi iliyofuata aliponifungia vyangu kwenye gazeti aliniambia, huku anacheka, "Mwalimu, nasikia mwanangu umemkata kwa ajili yangu."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Yule ni mwanao?"

"Si wangu nani tena? Amerudi jana amenuna. Nikamuuliza, akanisomea. Nikamwambia, sasa mwanangu na wewe mambo yangu unayapeleka kwenye mtihani?"

Nikamuuliza kama habari ya mvua ni ya kweli. Akaacha kugeuza vitumbua, akafuta mikono kwenye kanga.

Alisema alimaliza kidato cha nne huko Pande, akafaulu kiasi, na mwaka uliofuata akaitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi hapa Lindi. Alitoka kwao na vyeti vyake ndani ya mfuko wa rambo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na walipofika kwenye kalavati moja wakakuta maji yamebeba barabara yote. Magari yamepanga mstari pande mbili. Alisimama pale tangu asubuhi mpaka alasiri, akiwatazama watu wa ng'ambo ya pili, nao wanamtazama yeye. Alivuka kesho yake. Alipofika mlangoni kwa wasaili aliambiwa majina yamefungwa jana.

"Nikawaambia barabara imekatika, hata redio imesema. Wakasema pole. Nikawaambia nipokeeni hata kesho, hata keshokutwa. Wakasema pole." Akavigeuza vitumbua, viwili vilikuwa vimeshaungua upande. "Mvua isingenyesha, ningekuwa nesi mimi, mwalimu. Sasa hivi ninavyoongea na wewe ningekuwa wodini nimevaa nguo nyeupe, na wewe unakuja kwangu nikuchome sindano. Sasa sijui huko kwenye Kiingereza chenu linakataliwa nini."

Nilikwenda ofisini nikiyarudia maneno yake. Mvua isingenyesha, angekuwa nesi. Katika Kiswahili chake hicho cha kuongea, -nge- ile ile ilibeba ya zamani na ya sasa, na hakuna aliyekwama.

Nyumbani nina sanduku la bati lenye vitabu vyangu vya chuo. Jioni nilitoa kitabu kinene cha sarufi ya Kiingereza nilichokinunua kwa tabu nikiwa mwanachuo. Ukurasa wenye jedwali la aina tatu ulikuwa umechakaa. Nilikuwa nimeuzungushia kalamu ya bluu na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa kwamba huu unatoka kwenye mtihani. Nikaufunua. Ukurasa wa pili yake ulikuwa msafi kabisa, haujaguswa. Kichwa chake kilisema aina za masharti zinaweza kuchanganywa. Jambo la zamani likiwa na matokeo ya sasa, kitabu kilieleza, tunaweka "had" upande mmoja na "would" upande mwingine, na mara nyingi neno "now" linafuata. Mfano wake ulikuwa wa mtu aliyekataa kazi, lakini mwendo wake ulikuwa ule ule wa sentensi ya binti. Hata mkato ulikaa pale pale.

Nilikasirika mpaka nikatoka nje kutembea. Kitabu nilikuwa nacho. Nilikuwa nimekihamisha nyumba tatu, nimekikinga na mchwa, nimewaazima watu na kukidai. Ningefunua ukurasa mmoja tu.

Kesho yake nilimfuata mwalimu wa taaluma, nikamweleza, nikamwonyesha kitabu. Alisoma kwa makini, na nikadhani imekwisha.

"Sawa, umekosea," alisema. "Sasa?"

"Turudishe alama."

"Alama zimeshafungwa. Tena si za kwetu peke yetu. Ukifungua ya huyu, unafungua za shule sita. Nani anajua wangapi waliandika hivyo na kukatwa?"

"Ndiyo maana tufungue."

"Mpigie mwenyekiti wa jopo la mtihani."

Nikampigia mwenyekiti, mwalimu mkuu wa shule mojawapo, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mwongozo uliandika wewe. Tulikuuliza, ukasema ndivyo. Leo unatuambia sivyo. Sasa tumwamini nani, wewe wa wiki iliyopita au wewe wa leo?"

"Msiniamini mimi. Kiaminini kitabu."

"Kambi inaanza Jumatatu. Vitanda vimeshahesabiwa. Tusiharibu zoezi kwa sababu ya sentensi moja."

Niliwatafuta na waliokuwa kwenye meza za usahihishaji, nikitumaini wakisema watatu au wanne mwenyekiti atalegea. Yule kijana aliniambia, "Kaka, si nilitaka kusema?" Yule mama wa Kivinje alicheka kwenye simu. "Mimi usinitie humo, mwanangu. Uliniuliza la Kiswahili, nikakujibu la Kiswahili. Tena nikwambie, nyumbani kwangu nachanganya kutwa nzima." Aliahidi kumpigia mwenyekiti, na nadhani alimpigia kweli, maana jioni mwenyekiti alinitumia ujumbe kwamba suala langu limepokelewa na litazingatiwa mwakani.

Jumatatu gari la kambi lilikuja, likachukua tisa, likaondoka. Binti alikuwa ubaoni anafuta kipindi kilichopita. Hakutoka nje kuwaaga wenzake.

Niliingia darasani bila jedwali la manila. Niliandika sentensi yake ubaoni, yote, na mkato wake. Niliwaambia sentensi hii ni sahihi, aliyeiandika alikuwa sawa, na aliyesema imekosewa ni mimi. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia; nilijiona kama mtu aliyeitwa mbele kuadhibiwa. Yeye alitazama daftari lake. Wengine walikuwa wananitazama kwa shauku ya watu wanaoona jambo lisilotokea kila siku.

"Kwa hiyo aina ziko ngapi?" aliuliza mvulana wa nyuma.

"Tatu. Ila zinaweza kuchanganyika."

Darasa zima likaguna.

"Mwalimu, na kwenye mtihani wa taifa tuandike ipi?"

Swali hilo nililiogopa tangu asubuhi. Sikujua nani atasahihisha wala ana mwongozo gani mkononi. Niliwafikiria wasahihishaji wenye jedwali kama langu, wamechoka, na ukurasa wa pili msafi.

"Ili muwe salama," nilisema, "andikeni 'would have'."

Ndipo yule binti akainua mkono, kwa mara ya kwanza katikati ya kipindi.

"Hata kama siyo ninachotaka kusema?"

Nilisema tutalizungumza, nikaendelea na zoezi, na mpaka leo hatujalizungumza.

Nilichoweza kufanya nilifanya. Wiki tatu zile za kambi nilibaki shuleni kila siku baada ya vipindi na wale waliokosa nafasi kwa kidogo, kumi na mmoja kwa jumla. Tulisoma kitabu changu kuanzia ukurasa ule msafi kwenda mbele, na nilijifunza mambo mengine mawili matatu niliyokuwa nayafundisha vibaya, ambayo sina hamu ya kuyataja. Mama yake binti alikuwa anatuletea vitumbua vilivyobaki asubuhi. Hakunisema tena, na ningependelea anisemeseme.

Mtihani wa taifa ulipokuja, haukuwa na hata sentensi moja ya masharti. Waliulizwa barua rasmi, ufahamu, na maswali ya riwaya. Binti alipata B ya Kiingereza, akapangiwa kidato cha tano mkoa wa mbali, mchepuo wa lugha. Mama yake alipoambiwa aliniuliza getini, "Lugha? Baada ya yote haya?" Nikamwambia ndiyo, lugha. Akatikisa kichwa, akanifungia vinne badala ya vitatu.

Mwaka uliofuata mwongozo alipewa yule kijana. Aliandika kwamba majibu yote mawili yanakubalika, jambo nililomsifu mbele ya wote. Lakini wanafunzi wangu, ambao sasa nawafundisha aina tatu na michanganyiko yake, walichanganya hata pasipochanganyika. Mmoja aliandika "If I will had known". Mwingine aliacha sharti lote akabakiza "would". Nilikaa na rundo lile mezani nikisahihisha mmoja baada ya mwingine. Kila nilipotaka kupiga mstari nilisita kwanza, nikajiuliza kama kuna ukurasa mwingine mahali fulani ambao bado sijaufunua. Kwa hiyo sasa kazi inanichukua mara mbili ya muda wa zamani, na mikato bado wanaiweka wanapotaka wenyewe.